GSL ya pakeji na GSL ya kodi chanzo kwenye mashine moja: kwa nini zinagongana na unatokaje hapo

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Natumia Ubuntu 24.04, GSL (GNU Scientific Library, laibrari ya C ya hesabu za sayansi) niliiweka kwa apt ikaja 2.7.1 na programu zangu zote zikawa zinaenda bila shida. Sasa nahitaji funksheni mpya za B-spline (mikunjo laini ya kufiti data) zilizoko kwenye 2.8, nikashusha kodi chanzo, nikapiga ./configure, make, sudo make install, ikamaliza vizuri tu. Ila nikikompaili naambiwa undefined reference to gsl_bspline_lssolve. Rafiki akaniambia niongeze -L/usr/local/lib, ikakubali, lakini nikiiendesha inasema libgsl.so.28: cannot open shared object file. Mwingine kanishauri nipige ln -s ili libgsl.so.27 ijiite libgsl.so.28. Nifanye hivyo? Au nifute vyote nianze upya? Na kwa kawaida kipi bora, pakeji au kukompaili mwenyewe?"

Jibu:

Ndugu yangu, hiyo ya ln -s usiifanye, na kama ushaifanya ifute kwanza ndo tuendelee. Ile 27 na 28 mwishoni mwa jina la faili haikuwekwa pale kwa urembo, ni ahadi, laibrari inaiambia programu kwamba funksheni zangu na struct zangu (mafungu ya data) zimekaa hivi na hivi. Watunzaji wakiibadilisha hiyo namba maana yake kuna kitu ndani kimehama, na programu iliyolinkiwa kwa ile moja haina dhamana yoyote ikipewa ile nyingine. Ukiidanganya kwa jina la bandia, kwa upande wako itakufa tu kwa sababu gsl_bspline_lssolve haimo kabisa kwenye 27, na hapo utakuwa na bahati. Hatari ni pale funksheni iko pande zote mbili lakini struct yake imebadilika kidogo, programu inawaka, inatoa namba, namba zina sura nzuri kabisa, na sio kweli. Kwa mtu anayefanya hesabu za sayansi sijui kama kuna kitu kibaya kuliko hicho.

Sasa la kukutuliza ni kwamba hukukosea kukompaili. GSL yako 2.8 imekaa salama kwenye /usr/local, haina kasoro. Shida ni kwamba una GSL mbili na kuna watatu wanaoitafuta, na kila mmoja ana orodha yake ya folda za kupita na hawaulizani.

Wa kwanza ni kompaila, huyu anataka faili za heda tu, zile zinazotaja funksheni zilizopo, gsl_bspline.h na wenzake. Akizikosa utaona fatal error ikitaja jina la heda. Wa pili ni linka, anataka libgsl.so ili ahakikishe kila funksheni uliyoiita ipo mahali fulani, akikosa ndo unapata undefined reference. Wa tatu ni loda, yule anayefanya kazi kila unapoiendesha programu, anasoma ndani ya programu yako kwamba inahitaji libgsl.so.28, anaitafuta kwenye kumbukumbu yake (ile inayosasishwa na ldconfig), na akiikosa ndo hiyo cannot open shared object file. Kwa hiyo ukiona kosa lolote la laibrari, kabla hujakopi amri ya mtu, jiulize tu ni nani kati ya hao watatu anayelalamika, maana dawa ya mmoja haimsaidii mwingine. Kuongeza -L ni kumwelekeza linka tu, loda hana habari na -L yako hata kidogo, ndo maana ulitoka kwenye kosa moja ukaangukia lingine.

Na hapa ndo penye kiini cha swali lako, pasome taratibu. Kwenye Ubuntu, gcc akitafuta heda anapita /usr/local/include kabla ya /usr/include, kwa hiyo heda alizochukua ni za 2.8, zile ulizokompaili wewe. Linka yeye anaanza na /usr/lib/x86_64-linux-gnu, nyumbani kwa pakeji za apt, ndo baadaye afike /usr/local/lib. Akakutana na libgsl.so ya 2.7.1, akaridhika, akaishia hapo. Umeona sasa? Kompaila kasoma heda mpya akasema gsl_bspline_lssolve naijua, linka kafungua laibrari ya zamani akasema mbona hii sijawahi kuiona. Nusu ya programu yako ni 2.8 na nusu ni 2.7.1, na wewe ulikuwa na bahati umeita funksheni ambayo haipo upande mmoja. Ungekuwa unatumia funksheni zilizopo pande zote mbili usingeambiwa lolote.

Usiniamini mimi kwa maneno, andika hii kwenye faili iite angalia.c:

#include <stdio.h>
#include <gsl/gsl_version.h>
int main(void) {
  printf("heda %s, laibrari %s\n", GSL_VERSION, gsl_version);
  return 0;
}

Halafu uikompaili kama ulivyozoea, bila hiyo -L:

gcc angalia.c -o angalia -lgsl -lgslcblas -lm
./angalia

GSL_VERSION kwa herufi kubwa ni makro, inatoka kwenye heda wakati wa kukompaili. gsl_version kwa herufi ndogo ni kigeu kinachokaa ndani ya laibrari yenyewe na kinasomwa wakati programu inaendeshwa. Kwa ulivyonielezea utaona "heda 2.8, laibrari 2.7.1" kwenye mstari mmoja. Hako kaprogramu kahifadhi, mimi nakatumia kila nikiingia kwenye mashine ambayo sikuiandaa mwenyewe. Niliwahi kukaa siku mbili nzima na programu ya kufiti data ikawa inakufa na segmentation fault katikati ya funksheni ambayo haina kosa lolote, nikaandika upya sehemu kubwa ya kodi yangu, nikaweka printf kila mahali, kumbe heda ni za toleo hili na laibrari ni ya toleo lile, na kodi yangu ya mwanzo ilikuwa sahihi toka siku ya kwanza. Ndo maana nakazania hili jambo.

Sasa kuhusu pakeji au kodi chanzo. Msimamo wangu ni pakeji, mpaka uwe na sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja. Pakeji imekompailiwa na watu wanaoijua hiyo mashine, inapata marekebisho ukiapdeti, na ukiifuta inafutika yote. Kodi chanzo ukishapiga sudo make install hakuna anayeikumbuka isipokuwa wewe, apt haijui kama ipo. Ila sababu yako wewe ni halali kabisa, unahitaji funksheni iliyoingia kwenye 2.8 ya mwaka 2024, na Ubuntu 22.04 na 24.04 zote zimebaki na 2.7.1, hakuna namna ya apt ya kawaida itakayokupa. Sababu nyingine halali ni pale uko kwenye klasta ya watu wengi huna paswedi ya admini, au unataka kazi yako irudiwe baada ya miaka miwili na toleo lile lile. "Nimesikia ukikompaili mwenyewe inakuwa na kasi zaidi" hiyo kwa GSL naiona dhaifu, kasi ya kazi za matriki inategemea zaidi CBLAS (laibrari ya chini ya hesabu za vekta na matriki) unayoilinki nayo, ile libgslcblas inayokuja na GSL iliandikwa iwe sahihi na iende kila mahali, na ukitaka kasi unaweza kubadilisha hiyo tu, unatumia gsl-config --libs-without-cblas na unaongeza -lopenblas, huna haja ya kukompaili GSL upya.

Conda, mfumo mwingine wa pakeji, nayo ni njia, hazina yake ya conda-forge ina GSL na hauhitaji sudo. Ila ukiingia conda baki ndani ya conda, kompaila ya humo na laibrari za humo, ukichanganya na za apt unarudi pale pale tulipo.

Haya tutoke. Kosa lako sio kuchagua kodi chanzo, kosa ni kuimwaga kwenye /usr/local ambako inakaa mguu mmoja mbele kwenye njia za kompaila na mwingine nyuma kwenye njia za linka. Tutaitoa pale tuiweke kwenye folda yake peke yake, yenye namba ya toleo kwenye jina. Ingia kwenye folda ile ile uliyokompailia, natumaini hujaifuta, kisha:

sudo make uninstall
sudo ldconfig
ls /usr/local/lib | grep gsl

Huo mstari wa mwisho usitoe kitu. Kama folda ulishaifuta, shusha gsl-2.8.tar.gz tena, piga ./configure bila nyongeza yoyote na make kama mwanzo, halafu ndo sudo make uninstall, Makefile itajua faili gani ilizopeleka wapi. Usianze kufuta kwa mkono na rm ukiwa na sudo. Na libgsl27 ya apt usiiguse, kuna programu nyingine zinaitegemea, Inkscape kwa mfano, ukiing'oa utashangaa na yenyewe inaondoka. Unachoweza kuondoa ni libgsl-dev, hiyo ndo yenye heda na ile libgsl.so ya kulinkia, libgsl27 ni ya kuendeshea tu. Mimi kwako ningeiondoa libgsl-dev kwa sasa, ili ukisahau kuelekeza njia upate kosa la wazi badala ya mchanganyiko wa kimya kimya.

Halafu unakompaili upya. Anza na make distclean, usiruke hiyo, kwa sababu folda ya kuwekea inaandikwa ndani ya gsl-config na faili nyingine wakati wa configure, ukibadilisha prefix (ndo hiyo folda ya kuwekea) bila kusafisha unaweza kubaki na vipande vinavyoelekeza kule kwa zamani:

make distclean
./configure --prefix=$HOME/programu/gsl-2.8
make -j4 > log.make 2>&1
make check > log.check 2>&1
make install

Angalia hakuna sudo hapo popote, ni folda yako. GSL ni katika laibrari rahisi kabisa kukompaili, ni C tupu, inataka gcc na make na haitegemei laibrari nyingine ya nje, sio kama SciPy ambayo ukiianza kutoka kodi chanzo utatafutiwa BLAS na LAPACK. Chukua tarball (ile faili ya .tar.gz) ya toleo rasmi, sio kopi ya git, kwa sababu ile ya git haina faili ya configure iliyo tayari, inabidi uwe na autoconf, automake na libtool uitengeneze mwenyewe.

make check nakuomba usiipite. Najua inachosha, inakompaili programu za majaribio kwenye kila folda, bspline, specfunc, linalg na kadhalika, lakini ndo kitu pekee kinachokuambia laibrari hii kwenye mashine hii na kompaila hii inatoa namba zinazotakiwa. Ikiisha fungua log.check utafute mistari yenye FAIL. Jaribio moja likianguka soma limeanguka kwa kiasi gani, likipitwa kwenye tarakimu ya mwisho kabisa ni habari moja, likitoa nan (yaani sio namba) ni habari nyingine. Na kama kuna mtu kakuambia uweke CFLAGS (maelekezo ya ziada kwa kompaila) zenye -ffast-math, ziondoe. Hiyo inampa kompaila ruhusa ya kudhani kwamba NaN na infiniti hazipo duniani, na laibrari kama hii inazitegemea kutambua matokeo mabovu.

Ikishakaa, programu yako unaikompaili hivi:

P=$HOME/programu/gsl-2.8
gcc $($P/bin/gsl-config --cflags) kazi.c -o kazi $($P/bin/gsl-config --libs) -Wl,-rpath,$P/lib

Tuuangalie huo mstari maana wote watatu wamo. $P/bin/gsl-config --cflags inatoa -I ya folda yako, hiyo ya kompaila. --libs inatoa -L ya folda yako pamoja na -lgsl -lgslcblas -lm, hiyo ya linka. Na -Wl,-rpath,$P/lib inaandika ndani ya programu yenyewe kwamba ukiwaka nenda katafute laibrari hapa, hiyo ni ya loda. Folda moja, imetajwa kwa wote watatu, hakuna wa kwenda kwingine. Nimeandika $P/bin/gsl-config na sio gsl-config peke yake kwa makusudi, kwa sababu gsl-config peke yake itakuwa ile iliyotangulia kwenye PATH, na baada ya kufuta ya /usr/local hiyo teminali yako inaweza bado kukumbuka njia ya zamani, piga hash -r au fungua teminali mpya.

Watu wengi watakuambia uweke LD_LIBRARY_PATH, kigeu kinachomtajia loda folda za kutafuta, kwenye .bashrc badala ya rpath. Inafanya kazi, na kwa kujaribu kitu dakika tano naitumia hata mimi, lakini ukiiacha kwenye .bashrc inagusa kila programu unayoiwasha kutoka hapo, zile za pakeji pia, na siku ukiipeleka programu kwenye foleni ya kazi ya klasta ambako hiyo .bashrc haisomwi utapata tena cannot open wakati kwako ilikuwa inaenda.

Na mpangilio kwenye mstari wa gcc una maana, nimeona watu wanaumia sana hapa. -lgsl inakuja baada ya kazi.c, sio kabla. Linka kwenye Ubuntu anasoma kutoka kushoto kwenda kulia na anabeba laibrari pale tu ambapo tayari kuna kitu kinaihitaji. Ukianza na -lgsl anaangalia, anaona hakuna aliyeomba chochote, anaiacha, halafu akifika kwenye kodi yako inayoita funksheni anakosa mahali pa kuzipata, unapata undefined reference ya kila funksheni ya GSL uliyoiita. Kwako kosa lilikuwa la funksheni moja tu na zingine zilipita, ndo nikajua kwamba sio mpangilio, ni toleo.

Kabla ya kuendesha kazi yenyewe, piga hii:

ldd ./kazi | grep gsl

Unatakiwa uone libgsl.so.28 na mbele yake mshale unaoelekeza kwenye programu/gsl-2.8/lib. Ukiona not found rpath haikuingia, mara nyingi ni koma imesahaulika, ile -Wl,-rpath, haitaki nafasi popote katikati. Ukiona libgsl.so.27 basi kuna -L nyingine imetangulia, angalia kama una Makefile ya zamani yenye LDFLAGS zake. Libgsl na libgslcblas zote mbili zitokee folda moja.

Mwisho ikompaili angalia.c kwa mstari huo huo, badilisha jina la faili tu. Ikitoa "heda 2.8, laibrari 2.8" endesha kazi yako ya B-spline, gsl_bspline_lssolve itapatikana. Kwa uhakika zaidi ongeza gsl_sf_bessel.h juu na uchape gsl_sf_bessel_J0(5.0) kwa %.18e, inatakiwa itoe -1.775967713143382642e-01 kama ilivyo kwenye mwongozo wa GSL. Folda ya kodi chanzo usiifute, weka na zile log mbili humo humo, siku ukitaka kuiondoa utaihitaji. Ikigoma nitumie vitu vitatu tu, mstari mzima wa gcc uliopiga, matokeo ya ldd, na mistari ishirini ya mwisho ya log.check, hapo nitajua ni nani kati ya wale watatu amepotea.